Draiva za keneli: Jinsi tarakilishi kuukuu za shule za Kakamega zinavyoweza kufufuliwa

MNAMO Jumanne, Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha marekebisho ya kawaida ya usalama kwa mfumo wake wa Windows 10. Hakuna mbiu iliyopigwa mjini Kakamega siku hiyo. Tarakilishi zilizokuwa zikiwaka Jumatatu ziliwaka pia Jumanne, na mwanafunzi aliyeketi mbele ya kiwambo hakuona tofauti yoyote. Lakini tangu siku hiyo, mashine nyingi katika afisi, vibanda vya huduma za intaneti na maabara za shule zimehesabiwa miongoni mwa vitu vilivyopitwa na wakati, ingawa nyingi kati yazo hazina kasoro ya kuonekana kwa macho.

Mrithi wa mfumo huo, Windows 11, uliotolewa Oktoba 5, 2021, una masharti magumu. Hudai chipu ya usalama iitwayo TPM ya toleo la 2.0 na, kwa mashine za Intel, kichakataji cha kizazi cha nane au cha baadaye. Kwa lugha nyepesi, karibu kila tarakilishi iliyoundwa kabla ya mwisho wa 2017 imefungiwa mlango.

Shule za upili ndizo zenye kilio kikubwa zaidi. Tangu 2002, shirika la Computers for Schools Kenya limekuwa likikusanya mashine zilizotumika, kuzikarabati na kuzisambaza shuleni. Serikali nayo, kupitia mpango wa kufufua uchumi ulioanza 2009, ilipeleka tarakilishi katika shule kadhaa za kila eneo bunge. Nyinginezo zililetwa na wanafunzi wa zamani, makanisa na wafadhili wa ng'ambo. Hivyo basi, maabara moja yaweza kuwa na mashine za miaka mitatu tofauti na viwanda vitano tofauti, na kila moja ina matakwa yake.

Isitoshe, kuna mtihani. Somo la Kompyuta, nambari 451 katika KCSE, lina karatasi ya nadharia, karatasi ya vitendo na mradi. Katika karatasi ya vitendo, mtahiniwa huandaa kazi kwenye mashine, huihifadhi, kisha huichapisha. Mashine ikigoma au printa ikikataa kupokea kazi, jasho la miaka minne humwagika kwa saa chache. Watahiniwa wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4 wanatarajiwa kuketi mwaka wa 2027, na wale wa Gredi ya 10 walioanza Januari 2026 watazirithi maabara hizo hizo.

Kuna njia ya kuziokoa nyingi kati ya tarakilishi hizi bila kununua leseni wala mashine mpya: kuziwekea mfumo wa Linux, ambao hutolewa bure. Wanaojaribu njia hiyo, hata hivyo, hukutana mapema na kikwazo kimoja kinachowavunja moyo. Mfumo unaingia vizuri, kiwambo kinawaka, kisha intaneti haipo, au sauti haipo, au maandishi yanaonekana makubwa kama ya bango la mkutano wa hadhara. Hapo ndipo suala la draiva za keneli linapoanza.

AFISA NA MKALIMANI

Keneli ni kiini cha mfumo endeshi. Ni sehemu inayopakiwa kwanza mashine inapowashwa na ambayo hubaki kazini hadi izimwe. Ndiyo inayogawa kumbukumbu, inayoamua ni programu ipi itumie kichakataji na kwa muda gani, na ndiyo yenye mamlaka ya kuzungumza moja kwa moja na vifaa vilivyo ndani ya mkebe wa tarakilishi. Programu ya kuandikia barua haijui lolote kuhusu diski kuu. Huiomba keneli iihifadhie faili, basi.

Taabu ni kwamba keneli nayo haijui lugha ya kila kifaa. Msomaji wa Kakamega hahitaji mfano wa mbali. Afisa wa serikali aliyetoka kwingineko akiitisha baraza huko Malava, atawakuta Wakabras. Akienda Khwisero atawakuta Wakisa. Ikiwa wazee waliofika hawazungumzi ila lugha ya nyumbani, atahitaji mkalimani, na huenda yule wa Malava asimfae vyema huko Khwisero. Keneli ndiyo afisa huyo. Kadi ya mtandao, kadi ya sauti na diski ndizo wazee wa baraza. Draiva ndiyo mkalimani. Mkalimani asipofika, mzee hajawa bubu. Amekosa tu wa kumfasiria.

Wasomi wa Kiswahili wamependekeza istilahi "kiendeshi" kwa kifaa hiki cha kiprogramu, lakini ukiingia kwa mafundi utasikia "draiva", ndugu wa "dereva" wa matatu kwa upande wa mama yao wa Kiingereza. Makala haya yanafuata matumizi ya mafundi.

Linux ilianzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, kwa ajili ya tarakilishi yake mwenyewe yenye kichakataji cha Intel 386. Leo keneli hiyo ina zaidi ya mistari milioni 30 ya msimbo, na zaidi ya nusu ya mistari hiyo ni draiva. Hapo ndipo ilipo nguvu yake kwa mwenye mashine kuukuu. Draiva iliyokubaliwa ndani ya keneli hutunzwa pamoja nayo: wasanidi wakibadilisha jambo ndani ya keneli, huwajibika kuirekebisha na draiva hiyo. Kadi ya mtandao ya Realtek RTL8139, ambayo ilijaa sokoni mwishoni mwa miaka ya tisini na mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, ingali inafanya kazi kwa draiva iitwayo 8139too bila mtu kutafuta diski ya usakinishaji iliyopotea zamani.

Kinyume chake ni draiva zinazotolewa na kampuni kwa siri, bila msimbo wake kuonekana. Hizo huishi kwa muda ambao kampuni ina haja nazo. Draiva ya Nvidia ya mfululizo wa 340, iliyohudumia kadi za picha za enzi ya GeForce 8 na 9, ilifikia kikomo mwishoni mwa 2019. Kila keneli mpya inapotoka, draiva kama hiyo huzidi kushindwa kuungana nayo. Mwenye kadi hizo hana budi kutumia nouveau, draiva huria iliyoandikwa na watu wa kujitolea, ambayo ni ya polepole zaidi lakini ipo.

Hali hii haiko kwa Linux pekee. Watumiaji wa Windows walionja shubiri hiyo tangu toleo la Vista, lililoingia madukani 2007, kwa kuwa Windows ya biti 64 hukataa draiva za keneli zisizo na sahihi ya kidijitali na haiwezi kutumia zile za biti 32. Skana na printa nyingi nzima zilitupwa kwa sababu watengenezaji wake hawakuona faida ya kuandika draiva mpya kwa kifaa walichokwisha kukiuza.

KUSOMA KABLA YA KUTIBU

Fundi mwenye busara haanzi kwa kupakua chochote. Huanza kwa kuiuliza mashine ina nini. Katika Linux, amri ya lspci -k huorodhesha vifaa vilivyounganishwa kwenye ubao mkuu, na chini ya kila kifaa hutaja draiva inayokitumikia sasa pamoja na zile zinazoweza kukitumikia. Amri ya lsusb hufanya kazi hiyo kwa vifaa vya USB, japo kwa ufupi zaidi. Ukiongeza herufi nn kwenye ile ya kwanza, utaona pia nambari mbili zilizotenganishwa kwa nukta pacha. Ya kwanza ni ya kiwanda na ya pili ni ya kifaa chenyewe. Realtek ni 10ec, Broadcom ni 14e4, nayo Intel ilijichagulia 8086, jina la kichakataji chake mashuhuri cha 1978.

Nambari hizo ndizo kipande cha kitambulisho cha kifaa. Jina lililobandikwa nje ya mkebe halina maana kubwa, kwa sababu kiwanda kimoja huweza kubadilisha kadi ya ndani katikati ya mwaka bila kubadilisha jina la mashine. Tarakilishi mbili zinazofanana kama mapacha, zilizoletwa na lori moja, huenda zikahitaji draiva mbili tofauti.

Kuna matokeo matatu yanayoweza kupatikana, na ni muhimu kuyatofautisha. La kwanza, kifaa kimeorodheshwa na draiva yake imetajwa kuwa inatumika. Hapo keneli imetimiza wajibu wake, na ikiwa bado kuna hitilafu, itafutwe kwingine. La pili, kifaa kimeorodheshwa lakini hakuna draiva inayokihudumia. Hiyo ndiyo kazi halisi ya makala haya. La tatu, kifaa hakionekani kabisa katika orodha.

Hili la tatu si la kupuuzwa katika eneo la Magharibi. Kakamega ni miongoni mwa sehemu za Kenya zinazopata radi nyingi, na nguvu ya umeme inayopenya kwa waya wa mtandao au wa simu huweza kuua kadi moja na kuiacha tarakilishi nyingine yote ikiwa hai. Kadi iliyokufa haijibu keneli inapoita majina. Hakuna draiva itakayoifufua, na fundi anayepoteza siku mbili akitafuta programu kwenye intaneti angaliweza kununua kadi nyingine na kumaliza kazi kabla ya chakula cha mchana. Vivyo hivyo kwa mashine za mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili zenye kapasita zilizofura vichwa kwenye ubao mkuu. Hizo huzima ovyo, na mara nyingi lawama hutupiwa draiva isiyo na hatia.

Kwa kifaa kilichoorodheshwa bila draiva, hatua inayofuata ni kusoma kumbukumbu za keneli yenyewe kwa amri ya dmesg. Keneli huandika kila jambo inaloliona tangu kuwashwa, tena kwa uwazi unaowashangaza waliozoea ujumbe wa mifumo mingine usemao tu kwamba kuna hitilafu. Mara nyingi humo ndimo jibu lilimo, na mara nyingi jibu hilo huhusu fimuweya.

Fimuweya si draiva, ingawa huchanganywa nayo kila siku. Ni programu ndogo inayotumika ndani ya kifaa chenyewe. Vifaa vingine huja nayo kiwandani. Vingine, hasa kadi za intaneti isiyotumia waya, huamka vikiwa vitupu na kungoja draiva ivipe fimuweya kila mashine inapowashwa. Mkalimani amefika, lakini mzee hajapata chai na hawezi kusema. Kwa miaka mingi mfumo wa Debian haukuweka fimuweya zisizo huria kwenye diski yake rasmi ya usakinishaji, kwa sababu ya msimamo wake kuhusu uhuru wa programu. Tangu Debian 12, iliyotolewa Juni 2023, fimuweya nyingi zinazoruhusiwa kusambazwa zimo humo, na kazi imekuwa rahisi zaidi.

Nyingi, wala si zote. Kadi za Broadcom za kundi la BCM43, ambazo zimo ndani ya vipakatalishi vingi vya miaka ya 2005 hadi 2010, hutumikiwa na draiva ya b43 lakini fimuweya yake hairuhusiwi kusambazwa. Kifurushi cha firmware-b43-installer huenda kuichukua kwenye intaneti. Hapa ndipo kichekesho kilipo: intaneti inahitajika ili kupata kitu kitakacholeta intaneti. Suluhisho rahisi nchini Kenya ni simu. Simu ya Android ikiunganishwa kwa waya wa USB na kuwekwa katika hali ya kugawa data, keneli huitambua kama kadi ya mtandao ya waya bila kuhitaji fimuweya yoyote. Data kidogo hutosha kumaliza kazi hiyo.

Kadi hizo za Broadcom zina usumbufu mwingine unaofaa kufafanuliwa kwa sababu unafundisha jambo la jumla. Kuna draiva nyingine, wl, iliyotolewa na kampuni yenyewe, inayodai kuzihudumia baadhi ya kadi hizo hizo. Draiva mbili zikigombania kifaa kimoja, huenda zisifanye kazi zote mbili. Ni kama wakalimani wawili kusimama pamoja na kusema kwa wakati mmoja. Dawa yake ni kumzuia mmoja. Draiva nyingi za Linux ni moduli, yaani vipande vinavyoweza kuingizwa ndani ya keneli na kutolewa mashine ikiendelea kufanya kazi. Amri ya modprobe huingiza moduli, na ikifuatwa na -r huitoa. Ili kuizuia moja isiingie tena mashine itakapowashwa, huandikwa faili fupi katika /etc/modprobe.d yenye neno blacklist na jina la moduli. Baada ya hapo, ni vyema kutumia amri ya update-initramfs -u, kwa sababu nakala ya moduli zinazohitajika mapema huwekwa pia katika kifurushi kidogo kinachosomwa kabla ya diski kufunguliwa. Wengi husahau hatua hiyo, kisha wakashangaa kwa nini draiva waliyoifukuza imerudi asubuhi.

VIFAA VISIVYOJITAJA

Vifaa vya PCI, vilivyoenea kuanzia katikati ya miaka ya tisini, na vya USB vilivyofuata, hujitambulisha vinapoulizwa. Vilivyotangulia havikuwa na adabu hiyo. Kadi za ISA hazikusema lolote. Ilimbidi mtumiaji aiambie keneli kadi ilipo na ingetumia namba ipi ya kuiita. Kadi ya sauti ya Sound Blaster 16, kwa mfano, kwa kawaida ilikuwa kwenye anwani 0x220 na mkatizo wa 5, na anayetaka kuiamsha hadi leo huandika tarakimu hizo kama vigezo vya moduli ya snd_sb16. Mashine za aina hiyo sasa ni nadra.

Kilichobaki cha enzi hiyo ni tundu pana la printa nyuma ya mkebe, na hilo lingali na kazi. Shule na afisi nyingi bado zina printa za pini kama Epson LX-300, zinazopiga kelele lakini ambazo utepe wake ni wa bei nafuu. Tundu hilo kwa desturi hukaa kwenye anwani 0x378 na mkatizo wa 7. Moduli za parport_pc na lp zikiingizwa, nalo tundu likiwa halijafungwa katika mipangilio ya baiosi, printa hiyo huchapisha leo kama ilivyochapisha ilipokuwa mpya.

Ieleweke kwamba kwa upande wa printa, keneli ni tarishi tu. Hubeba data hadi kwenye waya. Anayetafsiri ukurasa kuwa lugha ya printa ni programu nyingine, CUPS, inayofanya kazi nje ya keneli. Kwa hiyo printa ikikataa, fundi aulize maswali mawili, si moja: je, keneli inaiona, na je, CUPS inajua lugha yake? Printa ya HP LaserJet 1020, iliyopendwa sana katika afisi za Kenya, ni mfano wa kutatiza. Keneli huiona mara moja, lakini printa hiyo husahau fimuweya yake kila inapozimwa, na hupaswa kupewa upya kupitia programu ya HPLIP na kiambatisho chake maalum. Mwalimu anayeijaribu siku moja, ikachapisha, kisha asirudie jaribio hilo baada ya kuizima na kuiwasha, atapata habari mbaya asubuhi ya mtihani.

Kuhusu picha, mambo yamekuwa magumu zaidi kwa mashine za zamani kabisa. Draiva za picha za i915 kwa Intel, na radeon kwa kadi za ATI, zingali hai na hutosha kwa mashine nyingi za 2004 na baadaye. Lakini mnamo Aprili 2023, keneli ya 6.3 iliondoa draiva kadhaa za kusaidia michoro za kadi za miaka ya tisini na mwanzo wa elfu mbili, zikiwemo za r128, savage, sis na via. Mwenye kadi hizo hakosi picha kabisa, ila hutumia njia ya polepole. Kiwambo kikibaki cheusi mara tu mfumo unapoanza, neno nomodeset likiongezwa kwenye mstari wa kuwashia huizuia keneli isibadilishe hali ya kiwambo, na angalau humpa fundi mahali pa kusomea dmesg. Lisiachwe hapo milele. Ni mkongojo, si mguu.

KUUNDA KENELI UPYA

Kuna kundi la mafundi, wengi wao vijana, wanaoamini kwamba mashine kuukuu haiwezi kunufaika bila kuundiwa keneli yake yenyewe. Imani hiyo ilikuwa na mashiko miaka 20 iliyopita. Wakati huo kumbukumbu ilikuwa kidogo na diski ndogo, na kila draiva isiyohitajika ilikuwa mzigo. Siku hizi moduli isiyotumika hulala kwenye diski bila kugusa kumbukumbu. Faida ya kuunda keneli upya ni ndogo, na hatari yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa: keneli iliyoundwa kwa mkono haipati marekebisho ya usalama yenyewe, na fundi akihama, shule hubaki na mashine ambazo hakuna anayejua zilivyotengenezwa.

Hata hivyo, zipo nyakati ambapo kazi hiyo haiepukiki, kwa mfano draiva inayohitajika ikiwa imezimwa katika keneli ya kawaida. Utaratibu ni kupata msimbo, kisha kutumia amri ya make localmodconfig, iliyokuwapo tangu keneli ya 2.6.32 ya mwaka wa 2009. Amri hiyo hutazama moduli zinazotumika wakati huo na kuziacha nyingine zote, hivyo kazi ya saa nyingi hupungua mno. Kila kifaa, pamoja na kila kiendeshi cha mkononi kitakachohitajika, kiwe kimechomekwa kabla ya kuitumia, la sivyo draiva zake zitaachwa nje. Kisha make menuconfig hufungua orodha ya maelfu ya chaguo, na kila moja huweza kuwekwa y, m au kuachwa. Herufi y humaanisha draiva imo ndani ya keneli tangu mwanzo. M humaanisha moduli.

Tofauti hiyo si ya kitaalamu tu. Draiva ya diski ikiwekwa kama moduli na kifurushi cha awali kikasahaulika, keneli itaamka, itafute diski, ikose mkalimani wa kuisoma, na isimame na ujumbe wa kushindwa kuufungua mzizi wa faili. Mkalimani mwenyewe amefungiwa ndani ya ghala ambalo funguo zake anazo yeye. Kosa hilo huwapata hata wazoefu, na ndiyo sababu keneli ya zamani isifutwe hadi mpya ithibitishwe. Aidha, kazi yenyewe ifanyiwe kwenye mashine yenye nguvu, kisha keneli iliyokamilika ihamishwe. Pentium 4 ikitwishwa mzigo huo huenda ikafanya kazi usiku kucha, umeme usipokatika.

UAMUZI WA SHULE

Si kila mashine inafaa kuokolewa, na ukweli huo usemwe mapema. Mpaka mkuu sasa ni biti 64. Debian 13, iliyotolewa Agosti 9, 2025, haina tena keneli wala diski ya usakinishaji kwa vichakataji vya biti 32. Debian 12 inayo, na imeahidiwa kuhudumiwa hadi Juni 2028. Kwa hiyo Pentium 4 ya kale au kipakatalishi chenye Pentium M kimebakisha muda mfupi wa kutumika kwa usalama kwenye intaneti. Tarakilishi zenye Core 2 Duo, zilizoanza kuuzwa 2006, ni za biti 64 na hukubali Debian 13 bila ubishi. Amri ya lscpu hutoa jibu kwa sekunde moja: alama ya lm ikiwemo, mashine ni ya biti 64.

Kuna walimu wakuu wanaouliza, kwa haki, kwa nini wasiendelee na Windows 7 au 10 bila intaneti. Kwa mashine isiyounganishwa na chochote, hoja hiyo ina uzito. Lakini wanafunzi hubeba faili kwa viendeshi vya mkononi, na kirusi cha Conficker kilichoibuka 2008 kilionyesha dunia nzima kwamba hiyo ni barabara pana ya maambukizi. Swali la kweli kwa shule ni kama mwalimu wa somo amekubali kufundisha kwa LibreOffice badala ya Microsoft Office, na kama amethibitisha mapema na Baraza la Mitihani ya Kitaifa kwamba faili zitakazozalishwa zitapokewa. Maabara iliyobadilishwa kwa haraka mwezi mmoja kabla ya mtihani ni madhara kuliko ile iliyoachwa ilivyo. Likizo ya Desemba ndiyo majira ya kazi hii.

Utaalamu wenyewe hauko mbali. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kilichokuwa tawi la Chuo Kikuu cha Moi tangu 2002 kabla ya kujitegemea 2007, kiko mjini humo na hufunza tarakilishi. Mwanafunzi wa chuo anayetafuta mazoezi na shule yenye mashine kumi zilizofunikwa vumbi huko Shinyalu wametenganishwa na nauli ya matatu tu. Kinachopaswa kusisitizwa ni kwamba kazi hiyo iachwe na maandishi: kwa kila mashine, nambari za kitambulisho za kadi zake, draiva inayotumika, fimuweya iliyoongezwa na faili zilizobadilishwa. Ukurasa mmoja wa daftari watosha, ubandikwe ubavuni mwa mkebe.

Zile zisizookolewa zisitupwe nyuma ya jikoni. Viwambo vizito vya kioo vina risasi nyingi, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 imewabebesha watengenezaji na waagizaji jukumu la bidhaa zao hata baada ya matumizi. Kabla ya kuziondoa, kumbukumbu na kadi za mtandao zichomolewe. Kadi yenye draiva inayofahamika ni akiba.

Jambo la mwisho ni dogo na limewasumbua wengi. Mashine iliyokaa ghalani kwa miaka huamka ikidhani ni mwaka wa 2003, kwa sababu betri yake ya saa imekwisha. Draiva zote zitakuwa sawa, waya utakuwa na mtandao, lakini kila tovuti itakataa kufunguka kwa kuwa vyeti vya usalama vitaonekana kana kwamba havijaanza kutumika. Fundi atarudi kuikagua kadi ya mtandao, kisha draiva, kisha keneli, na asione kosa. Betri hiyo ni ya aina ya CR2032, bapa kama sarafu, ile ile inayotumika katika mizani ndogo za dukani.